Lango la Themanini na Nane

1

Mimi ndiye niliyeandika Kiti. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi kila fundi wa Makambako anadai aliwahi kunishikia bisibisi, na wengine wakati huo hata hawakuwa wamezaliwa. Programu nzima ya Kiti, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ilitoka kwenye vidole hivi, ndani ya karakana ya bati, umeme ukikatika mara tatu kwa siku. Leo malango mia tatu na kumi na mawili ya maji katika milima ya Njombe yanafunguliwa na kufungwa na watu walioketi majumbani mwao. Mlinda lango anavaa miwani, anavaa glovu, anaketi, na papo hapo yuko juu ya bwawa la kijiji chake. Anaona maji, anasikia upepo, anazungusha gurudumu la chuma kwa mikono ambayo kwa kweli imo sebuleni kwake. Tunasema amelikalia lango. Vijiji vile vinajiwashia umeme vyenyewe, kwa maji yao wenyewe. Nikipita barabarani watu wananinyooshea kidole, nami najifanya sioni, lakini naona sana.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya Novemba, mvua za kwanza zimejaza mabwawa hadi shingoni. Nilikuwa karakanani nakunywa chai, saa mbili na robo, simu ikaita. Alikuwa Vumilia Sanga, mlinda lango wa Mdasi, lango namba themanini na nane. Ni mwanamke wa hamsini na ushei ambaye hapigi simu ovyo.

"Kamwene, Injinia."

"Kamwene, dada. Za huko?"

"Za huku nzuri, ila nina swali. Nani amelikalia lango langu?"

"Si wewe mwenyewe?"

"Mimi niko bondeni, kwenye kinyungu changu, navunja mahindi. Kiti changu kiko nyumbani, nimekifunika kanga. Maji yamekuja ghafla, yamenifika magotini, yamebeba ndoo na nusu ya maharage yangu, halafu yakakatika. Nimetazama juu, taa ya lango inawaka. Sasa nakuuliza wewe uliyelitengeneza."

Kwa asiyejua milima yetu: kinyungu ni kishamba cha bondeni, penye unyevunyevu, kinacholimwa kiangazi wakati kwingine kote kumekauka. Chini ya kila lango letu kuna vinyungu, na Novemba vimejaa watu, maana mahindi mabichi hayangoji mtu. Lango likifunguka vidole viwili, unapoteza ndoo. Likifunguka lote, hatabaki wa kuitafuta hiyo ndoo.

"Haiwezekani," nilimjibu. "Kiti hakikaliwi na mtu asiyejulikana."

"Basi ni jini," alisema Vumilia. "Lakini jini anayejua kuzungusha gurudumu, Injinia, huyo amesoma."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli, nikamwambia nitaangalia.

Nikaangalia. Kila lango linajiandikia kumbukumbu za nani kaingia, saa ngapi, kagusa nini. Saa moja na dakika hamsini na mbili mtu aliingia lango la themanini na nane kutoka nje ya milima, na kwa kadiri nilivyoweza kufuatilia, kutoka nje ya nchi. Hakuvunja kitu. Aliandika nywila, lango likamkubali, akakaa dakika kumi na moja. Alifungua vidole viwili, akatazama maji yakienda, akafunga, akaondoka. Huyu hakuwa amepotea njia. Alikuwa anaonja mchuzi kabla ya kupakua.

2

Erasto Ngailo ni mwenzangu tangu chuoni. Mimi niliandika programu, yeye alichonga vyuma. Mimi nasema sana, yeye anakohoa. Nilimwonyesha zile kumbukumbu, akazisoma mara mbili.

"Ametumia nywila gani?" aliuliza.

"Mgowe," nilisema.

Akakohoa.

Mgowe kwetu ni kazi ya kusaidiana. Leo tunalima kwa fulani, kesho kwako, na jioni mwenye shamba anatoa ulanzi, pombe ya mianzi. Siku ya mgowe hakuna anayebisha hodi. Ukisikia jirani anaumwa unachukua jembe, unaingia shambani kwake, unalima. Nilipoandika Kiti niliutia mgowe ndani yake. Kila lango lilitoka karakanani na nywila hiyo moja, na mpangilio wake wa kiwandani uliruhusu Kiti chochote kulikalia lango lolote, bila kuuliza, bila kungoja jibu. Na sikukosea kabisa, jamani. Mwaka wa mafuriko, mlinda lango wa Ihanga alishikwa na uchungu wa kujifungua huku bwawa linafurika. Jirani yake wa mlima wa pili alilikalia lango lile kwa nywila ileile, akafungua mchepuko wa pembeni, nyumba arobaini zikapona. Mtoto aliitwa Jirani. Picha yake iko karakanani hadi leo, na kila mgeni lazima aione.

Ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu cha maelekezo unasema: lango likishafungwa mahali pake, badilisha nywila. Sentensi hiyo niliiandika mimi, kwa herufi ndogo.

"Wamebadilisha wangapi?" aliuliza Ngailo.

Nikatafuta. Jibu halikuchukua muda. "Kijiji kimoja."

"Kwetu," alisema.

Kweli kilikuwa kijiji chake, Utanzi. Siku lango lao lilipofungwa, Ngailo alisimama pale mpaka wakabadilisha. Tangu hapo kinaitwa Kijiji cha Makufuli, na timu yao ikicheza ugenini mashabiki wanawatikisia funguo. Kwetu anayefunga mlango mchana anaulizwa anaficha nini. Mimi niliyepaswa kuwatetea nilikuwa wa kwanza kucheka, na vijiji vingine mia tatu na kumi na kimoja vikaniona nikicheka. Hawakuwa wavivu wale. Walikuwa majirani wema, nami nilikuwa nimewafundisha kwamba jirani mwema hafungi.

"Nilikuambia miaka kumi iliyopita," alisema Ngailo. "Lango litoke hapa limefungwa. Anayetaka kumfungulia jirani, afungue mwenyewe, kwa hiari yake. Ukaniambia mimi ni mtu wa mashaka."

"Nilikuambia wewe ni mchoyo."

"Na hilo ulisema. Mgema akisifiwa, Otilia..."

"Najua anavyolifanya tembo. Niambie tufanye nini."

Alikohoa tena, akavuta kigoda. "Mtu huyu ameonja lango moja. Akijaribu la pili kwa nywila hiyohiyo, atajua yote ni ya ufunguo mmoja. Akishajua hivyo, mabonde yote ni yake na anaweza kudai chochote. Tukitangaza redioni, walinda lango watasikia, lakini naye atasikia, na yeye hana mlima wa kupanda kabla ya kufika kwenye Kiti chake. Sasa nywila unayo. Ingia wewe. Kalia malango yote, moja baada ya jingine, badilisha. Kufikia alasiri umemaliza. Hakuna atakayejua."

Nilikuwa natazama ukuta ulio nyuma yake, wenye maandishi ya rangi nyekundu: MTENGENEZA KITI HAKIKALII BILA KUKARIBISHWA. Yale si mapambo. Mwaka wa kwanza vijiji vilikataa Kiti katakata. Walisema, leo unatupa kiti, kesho unakaa wewe, keshokutwa maji ni yako. Tukaapa. Katika kila kijiji, mbele ya mkutano, mkono wangu ukiwa juu ya gurudumu la lango lao, nilitamka maneno hayo, mara mia tatu na kumi na mbili. Nilikuwa sijawahi kulikalia hata lango moja.

3

Nitasema ukweli. Pale nilipokaa sikufikiria vinyungu kwanza, wala Vumilia. Nilifikiria jina langu. Nikiingia kimyakimya, malango yatapona, na jina langu litapona pamoja nayo. Nikisema, watoto watafundishwa shuleni kwamba Otilia Mwalongo aliacha milango ya milima yote wazi kwa sababu alipenda kusifiwa ukarimu. Niliona aibu kabla ya aibu yenyewe kufika.

Nikavaa glovu.

Nilianza na lango la themanini na nane. Niliandika mgowe, na lango likanipokea bila swali hata moja. Miaka kumi nilijisifia urahisi ule, na siku ile niliuona kwa macho ya mwizi. Nikawa juu ya bwawa la Mdasi. Maji yalikuwa yamejaa, meusi, yametulia. Chini kabisa bondeni niliwaona wanawake kumi na wanne wameinamia mahindi, na Vumilia kati yao akirudishia tuta lililobomolewa na maji ya asubuhi.

Mtu akilikalia lango, taa ya kijani inawaka juu ya nguzo. Ngailo aliiweka yeye. Vumilia aliinua uso, akaitazama ile taa, na kwa kuwa jicho la lango, yaani kamera yake, liko chini ya taa hiyo tu, alinitazama mimi.

"Umerudi, shetani wee!" alipiga kelele. Akaokota jiwe, akapanda hatua kadhaa, akalirusha kwa nguvu zake zote. Liligonga nguzo karibu na jicho. Nilivua glovu kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari.

Simu ikaita kabla sijavuta pumzi.

"Injinia! Amerudi. Taa imewaka tena. Nimempiga jiwe, akakimbia."

Ngailo alinitazama, hakukohoa. Ningeweza kusema, ndiyo dada, amerudi. Yale maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Dada," nilisema, "huyo wa sasa hivi ni mimi."

Nilisikia wanawake wakizungumza nyuma yake.

"Wewe."

"Mimi. Wa asubuhi ni mwizi, simjui. Lakini wa sasa ni mimi, na nimeingilia alipoingilia. Mlango huo niliuacha wazi mwenyewe, tangu karakanani, kwenye malango yote. Nilitaka kuuziba bila kuwaambia. Kosa ni langu, si lako."

"Uliapa kwetu. Mkono wako ulikuwa kwenye gurudumu, nami nilikuwa nimesimama karibu nawe hivi."

"Niliapa."

"Sasa nikiona taa imewaka, Injinia, nitajuaje kama ni mwizi au ni wewe?"

Swali lile nimetembea nalo tangu siku ile. Kwa mwenye lango, anayeingia bila ruhusa ni mmoja tu, awe na nia gani.

Ngailo aliinamia simu. "Kamwene, dada. Ni Ngailo hapa. Chini ya gurudumu kuna pini nyekundu, nene kama mchi. Ukiivuta, Kiti kinakatika kabisa. Lango linabaki mikononi mwa aliyesimama pale."

"Naijua," alisema Vumilia. "Naifuta kutu kila mwezi."

Miaka kumi iliyopita nilitaka pini ile iondolewe. Nilisema ni chuma kibaya, kinaharibu sura ya kazi yangu. Ngailo aliiacha bila kunibishia, na huko milimani kulikuwa na mwanamke aliyeitunza bila kuambiwa na mtu. Nilijisikia mdogo, na katika udogo ule nilianza kuona fahari ya aina nyingine.

"Watu kwanza, chuma baadaye," Vumilia aliendelea. "Nawatoa hawa bondeni, halafu napanda kuivuta. Na wewe waambie wenzangu wote, kwa mdomo. Uwaambie na hilo la kosa. Ukilificha watadhani ni mchezo."

4

Tulikuwa na mafundi ishirini na sita, na kila mmoja alifunga malango kumi na mawili kwa mikono yake. Walinda lango wanazijua sauti zao, wamekula nao. Nikawaita wote, nikawaambia wampigie kila mtu wake, mmoja mmoja, na waseme mambo matatu: toeni watu bondeni, vuteni pini, Otilia Mwalongo amekosea.

"Hilo la tatu lina ulazima, Mama?" aliuliza fundi mmoja, kwa upole.

"Hilo ndilo watakaloliamini haraka," nilimwambia, na ikawa hivyo.

Katika karakana yetu kuna ubao wenye taa mia tatu na kumi na mbili, moja kwa kila lango. Kwa miaka kumi niliutazama ubao ule ukiwaka wote nikajiona malkia. Siku ile ulianza kuzimika. Moja, kisha tatu, kisha upande mzima wa Ludewa. Kila taa iliyozimika ni mtu aliyetupa jembe, akapanda mlima mbio, akashika chuma kwa mikono yake. Sikuwa nimewalipa wala kuwatisha. Waliambiwa na jirani, wakaenda. Nikagundua kwamba mgowe haukuwahi kuwa ndani ya programu yangu. Nilisimama mbele ya ubao unaozimika, machozi yananitoka, nikajivunia watu wangu kuliko nilivyowahi kujivunia kazi yangu.

Ilipofika saa sita na nusu zilibaki taa arobaini. Mwizi naye si mjinga. Aliona malango yanapotea moja moja, akakimbilia lile alilolijua.

"Themanini na nane," alisema Ngailo. "Amekaa."

5

"Dada, uko wapi?"

"Ngazini." Alikuwa anahema. "Nimebakiza nusu. Kuna bibi aligoma kuacha mahindi yake, nimembeba hadi nyumbani kwake kwanza."

"Mwizi yuko langoni kwako na anafungua. Bondeni kumebaki nani?"

"Kwangu wametoka. Lakini chini, kona ya pili, kuna vinyungu vya watu wa Ikelu. Mwanangu ndiyo kwanza amekwenda kuwaita."

Kubadilisha nywila kusingesaidia kitu. Nywila inamzuia anayekuja. Aliyekwisha kuketi hatolewi nayo. Ila Kiti nilikiandika ili majirani wawili waweze kulishika gurudumu zito pamoja. Wakivuta upande mmoja, linazunguka kwa wepesi. Wakivuta pande mbili, linasimama.

"Dada, naweza kuingia nimshike mkono. Nakuomba ruhusa. Ukikataa, siingii."

Sijui hadi leo kama ningeitimiza ahadi ile. Namshukuru Mungu sikulazimika kujua.

"Ingia," alisema. "Ila niambie kila unachogusa."

"Nimeingia. Naona maji. Lango limefunguka shibiri moja. Nashika gurudumu, sigusi kingine."

Na mara nikamhisi. Glovu zinarudisha nguvu ya gurudumu kwenye viganja, na ndani ya nguvu ile kulikuwa na mtu, mahali fulani duniani, aliyekuwa anavuta kwa haraka na hasira. Nikavuta kwangu. Gurudumu likatetemeka, likasimama. Maji yaliunguruma chini yangu kupitia ile shibiri moja.

"Limesimama," nilisema.

"Kaza."

"Nimekaza. Mgongo wangu, dada."

"Na mimi magoti yangu. Kaza."

Nilikaza. Ngailo aliniambia baadaye kwamba zilikuwa dakika nne. Mimi nilizeeka mle. Mara mbili mwizi alinishinda, na lango likaongezeka kidole, kisha kidole kingine. Mara ya tatu nilimrudisha, huku namtukana kwa Kibena mbele ya mafundi wangu wote.

Kisha nikamwona Vumilia. Alitokea kwenye ngazi ya mwisho, kanga imefungwa kiunoni, tope hadi mapajani, simu ameibana kwa bega. Akapita mbele ya jicho la lango bila kunisalimu. Aliinama, akaishika pini nyekundu kwa mikono miwili. Halafu akainua uso, akatutazama sote wawili kwa pamoja, mimi na yule mwingine.

"Tokeni," alisema, akavuta.

Giza. Glovu zikalegea mikononi mwangu. Nilikuwa nimetupwa nje ya kitu nilichokiandika mstari kwa mstari, nimetupwa pamoja na mwizi, na aliyetutupa ni mwanamke ambaye hakuuliza nani ni nani. Kwenye simu nilikisikia chuma kikilia, krr, krr, Vumilia anafunga lango lake kwa mikono yake mwenyewe.

"Limefungwa," alisema.

Hakuna aliyekufa, si Mdasi, si Ikelu, si kokote. Kwa siku tisa milima yote ilifungua na kufunga malango kwa mikono, watu wakilala kwa zamu kwenye vibanda vya mabwawa. Mafundi wangu walipita kijiji kwa kijiji na toleo jipya. Lango la sasa linatoka karakanani limefungwa. Halifunguki mpaka mwenyewe aweke nywila yake, na jirani anayetaka kusaidia sharti aombe, na sharti ajibiwe. Kijiji cha Makufuli walipocheza ugenini safari ile, funguo walizitikisa wao.

Juma lililofuata nilitaka kuhakikisha toleo jipya linafanya kazi. Nikavaa miwani na glovu, nikaomba lango la themanini na nane. Kwenye kioo yakatokea maandishi: Nani? Nikajibu: Otilia Mwalongo, karakana, naomba kukagua. Yakaja mengine: Subiri.

Nikasubiri. Ngailo alipita akaniuliza nafanya nini na glovu mikononi. Nikamwambia nasubiri. Dakika kumi na saba zilipita, na niliambiwa baadaye kwamba mlinda lango alikuwa anachoma mahindi. Kisha jibu likaja, la Vumilia, kwa mkono wake: Leo hapana, Injinia. Rudi kesho.

Nikamwita Ngailo na mafundi wote ishirini na sita waje walione.